Aliyesuka Pesa kwa Vidole Vyake

GOMA, Agosti 1959. Saa mbili asubuhi soko la Birere limeshajaa, na Mama Athanasie Mukamurenzi yuko mahali pake pa kila siku, juu ya jiwe jeusi la volkano alilolitandikia gunia. Mbele yake kuna ndoo ya maji iliyojaa matete. Anachukua tete moja, analibana kwa meno, analivuta. Linapasuka katikati, sawasawa, kutoka ncha hadi ncha. Halitazami hata kidogo. Anatazama watu wawili wanaobishana hatua tatu kutoka alipokaa.

Wanabishania pesa. Siku hizi Goma nzima inabishania pesa, hata sisi ambao hatuna.

Tangu Januari, tulipoambiwa kwamba uhuru unakuja, swali limekuwa hilo. Faranga tunayoitumia hapa ndiyo inayotumika Ruanda na Urundi. Ukinunua chumvi Goma, ukivuka kwa miguu kwenda kununua maharagwe Kisenyi, unatoa noti ile ile mfukoni. Je, Kongo ikijitawala, iendelee kula sahani moja na jirani, au kila mmoja apakue yake?

Bwana Wenceslas Sikuli, mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa kutoka Butembo, hana wasiwasi wowote. Anasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza: "Mutu mwenye nyumba yake, iko na kufuli yake. Tutafanya pesa yetu, tutaandika jina yetu juu."

Mwuza maharagwe mmoja, mama wa Kisenyi, hakubali. Anamwambia kwamba siku pesa zikiwa mbili, atatokea mtu wa kukaa mpakani na mfuko, anapokea hii na kutoa ile, na atashiba kutoka pande zote mbili bila kulima. Sikuli anacheka. Anamwuliza kama hataki kazi hiyo.

Mhariri wangu alinituma Birere nikusanye maoni kumi juu ya jambo hili. Nilikuwa na mawili, nikamgeukia huyu mama wa matete ili nipate la tatu. Mikono yake iliendelea na kazi mpaka nikadhani hakunisikia.

"Miye sina neno," alisema mwisho. "Mara ya mwisho niliulizwa neno juu ya pesa, nilijibu. Niliharibu mutu."

Maoni ya nne sikuyatafuta. Nilikaa chini kwenye jiwe la pili, na nilirudi siku tatu mfululizo.

Mama Athanasie ana miaka hamsini, au karibu na hapo. Anasuka nyungo za kuanikia kahawa. Kwa wiki anamaliza sita, akivisukuma vidole, na kila moja inauzwa faranga kumi na tano. Ukitoa matete, ambayo huletwa kwa mtumbwi kutoka Sake, kando ya ziwa, na ukitoa faranga mia za chumba chake mtaa wa Mapendo kila mwezi, kinachobaki ni cha unga na sabuni. Mumewe, Habarurema, alivunja mawe ya barabara ya Rutshuru mpaka kifua kikamshinda. Watoto wanne wameoa na kuolewa. Wajukuu ni saba. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, basi yeye anaye wa nane, na huyo ndiye aliyelala naye chumba kimoja miaka thelathini na miwili.

Nyungo zake wenye mashamba wanazipenda kwa sababu hazifumuki. Ukiugeuza ungo wake, utaona ukingoni fundo dogo lililojificha, limepita chini mara mbili na kumeza ncha yake lenyewe. Wasukaji wengine wa Birere wamejaribu kuliiga, wameshindwa. Nilimwuliza alilitoa wapi.

"Hii si fundo ya ungo," alinijibu. "Hii ni fundo ya pesa."

Vijana wanaosoma gazeti hili huenda hawajawahi kuona butega, basi nieleze. Ilikuwa pete nyepesi ya kusukwa, nyembamba kama kijiti cha kiberiti, ya nyuzi za mmea unaomea msituni nyuma ya Masisi. Wanawake waliivaa miguuni, kuanzia kifundo hadi chini ya goti, mamia kwa mamia, na aliyevaa nyingi alitembea polepole ili watu wazione vizuri. Hilo lilikuwa pambo. Lakini butega ile ile, ikifungwa kwa mafungu ya mia, ilinunua jembe. Ilinunua mbuzi. Ilioa.

Msituni waliisuka. Kando ya ziwa, upande wetu, waliipokea. Ikapanda mitumbwi ikavuka hadi Bugoyi, kule Kisenyi ilipo sasa, na huko pia waliipokea. Watawala walikuwa mbalimbali, wengine walipigana, na pesa ilikuwa moja. Nilipomweleza Bwana Sikuli jambo hilo, alisema hizo zilikuwa kamba, si pesa.

"Watu banasema pesa inatoka benki," anasema Mama Athanasie. "Ya kwetu ilitoka juu ya magoti ya mama yangu."

Mama yake alizaliwa kule msituni, akaolewa Sake na Nsabimana, mwanamume wa Kinyarwanda mwenye mtumbwi. Mama alisuka, baba alivusha. Mabinti wawili walifundishwa kusuka kabla ya kufundishwa kupika. Athanasie, mkubwa, alikuwa na vidole vyepesi: butega kumi kwa siku, na fundo la mama yake lisilofumuka. Wanawake wa ng'ambo waliipokea butega, wakaigeuza, wakatafuta lile fundo kwa ukucha, na wakilipata hawakuendelea kuhesabu. Mdogo wake, ambaye baadaye alibatizwa Thérèse, jina la nyumbani Mukamazimpaka, hakuwa msukaji. Alikuwa mwimbaji. Alisuka nne, akaimba, akasahau.

"Tulimucheka sana," anasema Mama Athanasie, na hapa anachagua tete lingine.

Mwaka ule, ambao kwa hesabu yangu ni 1927, askari wa chifu alipita Sake na habari kwamba kodi italipwa kwa faranga tu. Miaka ya nyuma watu walikuwa wanapenyeza mbuzi, kuku, siku za kazi. Sasa basi. Nsabimana na ndugu zake wawili walidaiwa jumla faranga sitini, na asiyelipa atafungwa kamba na kwenda kufanya kazi mbali. Walipewa muda mpaka mwezi wa pili baada ya mavuno.

Nsabimana hakuogopa. Darini kwake kulikuwa na mafungu arobaini ya butega, yaani elfu nne, akiba ya miaka. Akaja mchuuzi mmoja mwenye faranga. Akapanda darini mwenyewe, akashuka akijipangusa vumbi, akasema atatoa faranga mbili kwa kila fungu.

Mbili mara arobaini ni themanini. Kodi ilikuwa sitini. Nimeifanya hesabu hiyo kwenye daftari langu, na Mama Athanasie amekwisha kuifanya kichwani mara nyingi kuliko nyinyi na mimi tulivyokula ugali.

Lakini siku ile hakuitazama hivyo. Alikuwa na miaka kumi na minane, na kila fungu moja lilikuwa siku kumi za vidole vyake. Tena alijua biashara. Kila mwaka, maharagwe yakishavunwa ng'ambo, wanawake wa Bugoyi wanakuwa na chakula kingi na wanataka kupamba miguu. Butega hupanda. Ilipanda mwaka jana, ilipanda mwaka juzi, ilipanda tangu bibi yake yuko hai. Mtu asiyesuka asingelijua jambo hilo. Mchuuzi yule, kwa mawazo yake, hakulijua. Baba akamtazama bintiye, si mkewe, akauliza: tuuze?

"Nilimuambia, papa, usiuze. Ngoja maharagwe. Itapanda." Mama Athanasie anaitamka polepole, kama mtu anayesomewa mashtaka. "Alinisikia. Alikuwa anapenda kunisikia, juu ya vidole vyangu. Kama ningekuwa mujinga wa kusuka, hangeniuliza."

Maharagwe yakavunwa. Nsabimana akapakia mafungu arobaini mtumbwini, akavuka. Alikaa huko siku sita.

Kumbe ng'ambo nako askari alikuwa amepita na neno lile lile. Wanawake wa Bugoyi walihitaji faranga kwa ajili ya waume zao, na maharagwe yao waliyauza kwa faranga tu. Si kwamba walimfukuza Nsabimana. Walimheshimu, walimpa maji. Wengine walikaa chini mbele yake wakaanza kuvua butega miguuni, moja moja, na kumpa bure, kwa kuwa yeye ndiye mwenye biashara hiyo na labda atajua pa kuzipeleka.

"Papa alienda na elfu nne," anasema. "Alirudi na elfu nne na mia tatu."

Alicheka alipoliambia gazeti hili jambo hilo, na hata mimi nilicheka, halafu sote wawili tuliona haya.

Mchuuzi wa faranga mbili hakuonekana tena. Mwezi wa kwanza ukapita. Ukabaki mmoja.

Hapo ndipo alipotajwa mpishi wa Mzungu mmoja kule ng'ambo, mtu mzima mwenye mke tayari, ambaye alilipwa mshahara wa faranga kila mwezi na alikuwa anatafuta mke wa pili. Alitoa faranga mia moja na ishirini. Athanasie alikuwa amekwisha kuchumbiwa na Habarurema; butega za mahari zilishapokelewa zamani, zilipokuwa bado ni mahari. Aliyebaki nyumbani alikuwa mwimbaji, mwenye miaka kumi na mitano.

Alikuwa msichana wa kwanza Sake kuolewa kwa noti za karatasi. Asubuhi ya kuondoka alimwuliza baba yake, mbele ya watu, kwa nini yeye na kwa nini kwa haraka hivi. Nsabimana alijibu: "Ni mimi niliamua." Hakusema zaidi. Athanasie alikuwa amesimama nyuma yake na mkeka wa bibi harusi kichwani, na akamsindikiza mdogo wake mpaka mtumbwini bila kufungua kinywa.

Butega elfu nne na mia tatu hazikutupwa. Zilifungia kuni, zilifungia majani ya migomba, watoto wa jirani walizifanya magurudumu. Nyingine ziliozea darini. Mama yao aliacha kusuka siku moja, kati ya fungu, na hakulimaliza.

Sasa lisikieni lililo zito. Kule alikokwenda Mukamazimpaka hakukuwa kuzuri. Mke mkubwa alikuwa mkali na mume alikuwa mtu wa pombe. Alizaa watoto watano, akazika watatu. Mume alikufa, naye akajisimamia kwa kutengeneza pombe ya mtama, na leo ana nyumba ya bati na mwanawe Julien ni karani wa ghala la kahawa. Ni mtu wa heshima Kisenyi. Lakini yeye hakumsamehe baba yake. Nsabimana alipofariki mwaka 1944, ujumbe ulivushwa siku ile ile, na binti hakuja kuzika. Alimjibu mjumbe kwamba yule mzee alimtoa kama mbuzi, na mbuzi haendi matangani.

Na Nsabimana alikufa bila kusema nani alimshauri. Alilibeba yeye, miaka kumi na saba, peke yake.

Nilimwuliza Mama Athanasie kwa nini yeye naye hakusema. Hakujitetea. Alisema mwaka wa kwanza aliogopa, mwaka wa pili aliona haya, na baadaye ilikuwa imechelewa, na kila mwaka ilichelewa zaidi. Kisha alisema lingine, kwa sauti ya chini, ambalo aliniruhusu kuliandika: kila Jumamosi, tangu Habarurema alipohamia Goma, yeye huvuka kumwona mdogo wake, na mdogo wake humwekea kigoda mlangoni, upande wa kulia, kikitazama njia ya Goma. Wanakaa, wanakula viazi, Thérèse anaimba kidogo siku hizi. Hakutaka kukipoteza kigoda hicho.

"Nilimuachia papa hatia yangu, miye nikaikala juu ya kigoda," alisema.

Ingeweza kuendelea hivyo mpaka mmoja wao afe. Ila faranga, tena faranga, imelifukua. Jumamosi mbili zilizopita Thérèse alimwingiza dada yake ndani, akafunga mlango, akafukua mtungi. Mlikuwa na faranga elfu tatu na mia mbili za pombe ya mtama, akiba ya maisha. Amesikia kwa Julien kwamba pesa huenda ikagawanywa, Kongo yake na Ruanda yake, na hii ya zamani itakufa. Wengine wanasema nunua ng'ombe upesi. Wengine wanasema ukiuza kwa hofu utanunua ghali, ngoja, faranga itapanda.

Halafu akasema neno ambalo Mama Athanasie hajalala vizuri tangu alisikie: "Yaya, wewe njo unajuaka mambo ya pesa. Niambie. Nitafanya ile utasema."

Yaya, yaani dada mkubwa, hakusema. Alisingizia mvua, ingawa ni kiangazi, akaondoka kabla ya chakula. Jumamosi iliyofuata hakuvuka kabisa, mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Ndiyo hali niliyomkuta nayo nilipomjia na swali la mhariri wangu. Sisi tunaosoma tunaliuliza kama swali la mawaziri: nchi iache pesa yake na kushika ya pamoja, au iache ya pamoja na kushika yake? Tuna hoja nzuri pande zote mbili, na Bwana Sikuli ana hoja nzuri kuliko wote. Mama Athanasie ameshaona pesa ya pamoja ikifa, iliyosukwa na mama yake, kati ya mvua na mavuno. Sijasikia katika mabishano yetu yote mtu akiuliza nani atapanda darini siku hiyo, na nani atakuwa amemshauri nini.

Siku ya tatu nilimwomba anionyeshe butega. Alisita. Akatafuta tete jembamba kuliko yote, akalipasua mara nne, akaanza. Vidole havikuuliza njia. Pete ikazunguka, ikakaza, fundo likapita chini mara mbili, likameza ncha. Hakuna lililotokeza.

Bwana Sikuli aliisogelea, akaigeuza mkononi, akavutiwa. Alisema Mzungu mmoja wa hoteli hununua vitu kama hivi vya kizamani. Akatoa noti, akamwambia: "Mama, faranga tano. Leta hii moja."

Mama Athanasie aliitazama noti, akaitazama pete. Nilidhani atacheka, kwa kuwa ana ucheshi wake.

"Fungu nzima ilikuwa mbili," alisema. "Ona. Moja, tano." Kisha akafunika uso kwa kitambaa cha kichwani. "Imepanda. Nilimuambia papa itapanda."

Sikuli hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Alirudisha noti mfukoni kwa adabu, akaenda kutazama chumvi yake.

Alipofunua uso nilimwuliza atamshauri nini mdogo wake. Alikuwa ameshaamua, nafikiri alfajiri ile. Atamwambia hajui. Kwamba ndilo neno alilopaswa kumwambia baba yake mwaka ule, maana hakuwa anajua, alikuwa anazoea tu. Lakini kabla ya Thérèse kumsikia, ni lazima ajue anamwuliza nani.

"Mudomo yangu imeshindwa miaka hii yote," alisema. "Itashindwa tena. Wewe andika. Gazeti inatoka lini?"

Nilimwambia Alhamisi. Alifurahi, kwa sababu Julien hununua gazeti hili Ijumaa na kumsomea mama yake lote akirudi kazini, hata bei za kahawa. Nilimwuliza kama tufiche majina. Alikataa. Alisema bila jina ni uvumi, na uvumi umeshajaa sokoni.

Basi Jumamosi hii atavuka, akiwa na ungo mpya na ile butega moja ndani yake. Pale njia inapopinda, kabla ya nyumba ya bati, mlango huonekana. Kama kigoda kipo, ataenda kukaa. Kama hakipo, ataweka ungo chini palepale na kurudi Mapendo, na hatamlaumu mtu.

Bwana Julien, najua unasoma kwa sauti. Yule mzee aliyezikwa Sake bila mama yako hakuwa amelitoa shauri lile; alisikiliza tu binti aliyempenda. Rudia sehemu hiyo kama mama atataka. Usiiruke.